Nani Kasema Mlima ni wa Wazungu?

Mwambie jirani yako wa Tanga mjini kwamba Jumamosi unapanda milima ya Amani kwa miguu. Huendi msibani, hufuati iliki, unakwenda kutembea tu. Swali litakalofuata ni moja: "Umepata mzungu?" Mwendee mvuvi wa Mwambani umwombe mtumbwi upige kafi hadi kwenye mikoko na kurudi, bila wavu wala mzigo, naye atakuuliza mara mbili kama nyumbani ni kwema. Wala hawakusudii kukuudhi. Wanasema lile ambalo karibu kila mtu wa pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Mtwara, amelikubali bila kulipima: kwamba kupanda mlima na kuingia majini kwa hiari ni mambo ya wazungu, kwamba sisi hatukuachiwa desturi hiyo na wazee wetu, na kwamba mtu mwenye akili na shughuli zake hawezi kutoa siku nzima kwenda kutafuta jasho na matope.

Nalipinga wazo hilo kuanzia mzizi hadi majani. Historia yetu inalikanusha, na kila mwaka linatunyang'anya vitu ambavyo hatutavirudisha kwa urahisi.

Nayaandika haya mwisho wa demani, vuli ikibisha hodi, kwa sababu ndio wakati ambapo kosa letu linaonekana waziwazi. Kusi uliovuma tangu masika umelegea, kaskazi haujaingia. Mabaharia wetu huuita wakati huu tanga mbili, maana upepo haujaamua utoke wapi, na kwa siku nyingi hauamui kabisa. Alfajiri umande unashuka kutoka nchi kavu, mwepesi, na bahari inakaa bila mawimbi hadi jua liwe juu. Maji yanang'aa mpaka unaona mchanga wa chini. Huko juu, Usambara inapata manyunyu ya kwanza ya vuli. Vumbi la Septemba linazimika, vijito vinaanza kusikika tena, na joto la mchana ni la kustahimilika. Kwa hoteli hii ni miezi ya njaa: wageni wa katikati ya mwaka wameondoka, wa Krismasi hawajafika, vyumba vitupu na bei zimeshuka. Kwa wiki kadhaa nchi nzima ya mlima na bahari iko mikononi mwetu, na sisi tuko ndani tumekaa. Kisha tunaambiana hakuna cha kuona.

Nianze na bahari, kwa sababu hapo ndipo dai la kukosa desturi linapochekesha kuliko kote, ingawa mimi linanisikitisha. Mwandishi wa Kigiriki aliyeandika mwongozo wa safari za Bahari ya Hindi katika karne ya 1 aliwakuta watu wa pwani hii wakitumia mitumbwi ya gogo moja na vyombo vilivyoshonwa kwa kamba, wakivua na kukamata kasa. Hiyo ni karibu miaka elfu mbili iliyopita. Tangu hapo mtu wa hapa hajaacha kuchonga mwembe akapata ngalawa, akaufungia matengo, akatweka tanga. Anajua upondo unatumika wapi na kafi wapi. Anajua bamvua na maji mafu bila kufungua kitabu, kwa kuutazama mwezi tu. Sasa mtoto wa mtu huyo, akiona kayaki ya plastiki ya rangi ya chungwa imelazwa mbele ya hoteli, anaamini chombo hicho kimetoka kwa wazungu na ni haki ya wazungu. Kayaki ni kazi ya wawindaji wa Aktiki, Wainuiti na jamaa zao, waliotanda ngozi za sili juu ya kiunzi cha mbao na mifupa wakaingia nacho katika maji ya barafu kutafuta chakula. Wazungu waliiona kwao, wakaipenda, wakajifunza. Hawakuona aibu kujifunza kwa wawindaji. Sisi tunaona aibu kuendeleza tulichozaliwa nacho.

Mlima nao una ushahidi wake. Kitabu cha Abdallah bin Hemedi, *Habari za Wakilindi*, kinaanza na mtu aliyekuja kwa miguu: Mbega, mwindaji wa nguruwe kutoka Nguu, aliyevuka nyika na kukwea Usambara pamoja na mbwa wake, hadi Wasambaa wakamtawaza huko Vuga. Ufalme mzima ulianza na mtu aliyeijua milima kwa nyayo zake. Na hata ule mwaka ambao vitabu vya shule huuhesabu kuwa mwanzo wa upandaji mlima kwetu, yaani 1889, haukuwa wa wazungu peke yao. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kilimanjaro tarehe 6 Oktoba, lakini hawakuruka kutoka Leipzig wakatua kwenye barafu. Walivushwa msitu na watu wanaouishi, na waliyemwacha awalindie kambi ya juu, zaidi ya mita 4,000 kutoka usawa wa bahari, alikuwa mtu wa Pangani aitwaye Mwini Amani. Nataka watoto wa Pangani wafundishwe jina hilo. Mtu wa minazi na ngalawa, mtu wa joto, alikaa katika baridi ile akiulinda moto, ilhali leo tunaambiwa kwamba baridi ya mlima si ya watu wa pwani.

Tangu hapo Watanzania wengi wamepanda Kilimanjaro. Usiku wa kuamkia Uhuru, Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliupandisha mwenge na bendera hadi kileleni. Simon Mtuy alipanda na kushuka mwaka 2006 kwa chini ya saa 10, akijibebea maji na chakula chake mwenyewe. Wilfred Moshi, aliyeanza maisha yake ya kazi katika mlima huohuo, alisimama juu ya Everest mwaka 2012. Kila wiki wapagazi, wagumu kama wanavyojiita wenyewe, wanapandisha mizigo inayoruhusiwa kufika kilo 20 kwa mtu, ili mgeni apite na mkoba mwepesi wenye chupa ya maji. Anayesema mlima ni wa wazungu huwaangalia wote hawa asiwaone.

Hapa wapinzani wangu wana jibu, tena la kweli, nami sitaki kulipita juujuu. Wanasema: hao wote walikuwa kazini. Mbega aliwinda apate nyama, Mwini Amani alilipwa posho, mvuvi anatafuta kitoweo, mgumu anatafuta ada ya mtoto. Anayetembea kwa hiari ni yule ambaye hajawahi kutembea kwa lazima. Sisi tumetembea ya kutosha.

Nakubali kwamba kumbukumbu hiyo ni chungu. Misafara iliyotoka Pangani na Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikwenda juu ya mabega ya watu, na si kila bega lilijitolea. Vita Kuu ya Kwanza ilipotufikia, Wajerumani na Waingereza waliwakusanya wanaume wetu wabebe unga na risasi za ugomvi usiokuwa wao, wakafa kwa makumi ya maelfu, wengi zaidi kwa njaa, malaria na kuhara kuliko kwa risasi. Soko la Kariakoo, Dar es Salaam, limesimama pale walipopiga kambi wapagazi wa Waingereza. Na hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Wapo wanawake Lushoto na Morogoro ambao mpaka leo wanashuka kabla ya mapambazuko na mikungu ya ndizi kichwani ili wawahi soko. Bibi wa namna hiyo anapomwambia mjukuu wake apande gari, anamtakia heri, nami simfundishi chochote.

Ila uchungu wa bibi huyo uko kwenye mkungu. Mwondolee mkungu, mwache na njia, umwulize kuhusu njia yenyewe: atakuonyesha mti ambao wakiwa wasichana walipumzika chini yake, jiwe ambalo maji yake ni matamu, kona ambayo mtu wa kwanza kuiona bahari asubuhi alikuwa akipiga kelele kuwaita wenzake. Nimewasikiliza wazee wengi wa milimani na sijamsikia hata mmoja anayeichukia milima. Wanachukia mzigo. Kuutupa mzigo na kuitupa milima pamoja nao ni kuwapa waliotutwika ushindi wa pili.

Tena si kweli kwamba hatukuwahi kwenda kwa hiari. Sikukuu ikifika, Unguja na Pemba, vijana hutweka ngalawa wakashindana, na aliyeshinda harudi na samaki, anarudi na sifa. Lamu hufanya tamasha lake kwa kawaida mwezi Novemba, mashua zikashindana mbele ya mji mzima, punda wakakimbizwa, watu wakaogelea. Watoto wa visiwani huchonga ngalawa ndogo wakazikimbiza maji yanapojaa, na hakuna mtu mzima anayewauliza zitavua nini. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, vijana nchi nzima walitembea mamia ya kilomita kuliunga mkono. Seth Benjamin alitoka Arusha kwa miguu kwenda Dar es Salaam na akafia njiani, na jina lake lilitajwa mashuleni kwa miaka mingi. Oktoba ya mwaka huohuo Mwalimu Nyerere mwenyewe alitoka Butiama akaenda Mwanza kwa miguu, zaidi ya kilomita 200. Alikuwa Rais, na magari alikuwa nayo. Wazee waliotufundisha kwamba mtembea bure si mkaa bure, huenda akaokota, hawakuwa watu wasiojua kutembea kwa hiari.

Na hao wazungu tunaowaachia milima, tumewahi kuuliza wao waliipataje? Tunadhani walizaliwa nayo, kama tunavyodhani fedha zao zilitoka mbinguni. Katika Uingereza ya kabla ya Vita Kuu ya Pili, milima na nyika za kaskazini zilikuwa za mabwana wachache, na walinzi wenye fimbo walikuwa wakiwafukuza watu. Sababu kubwa ilikuwa ndege: kware wa nyikani, ambao msimu wa kuwapiga bunduki huanza tarehe 12 Agosti na kuendelea majira yote ya majani kupukutika. Yaani katika miezi iliyo mizuri kuliko yote kwa mtembeaji, mfanyakazi wa kiwanda cha pamba Manchester, anayepumua moshi siku sita, hakuruhusiwa kukanyaga mlima anaouona kutoka dirishani kwake, kwa sababu bwana anawinda. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana hao, wafanyakazi na wasio na kazi, walipanda Kinder Scout bila ruhusa. Watano walifungwa jela. Mwaka 1949 Bunge lilitunga sheria ya hifadhi za taifa na haki ya kufika mashambani, na mwaka 1951 eneo hilo la Peak District likawa hifadhi ya kwanza. Wanorwe waliandika haki hiyo katika sheria mwaka 1957: mtu yeyote apite kwa miguu katika ardhi isiyolimwa, apige kasia katika maji, awe na shamba au asiwe nalo. Waskoti walifanya hivyo mwaka 2003. Hizo familia za Norway unazoziona katika picha za Oktoba, zimebeba vikapu vya uyoga chini ya miti yenye majani ya manjano, hazikupewa msitu kwa sababu ya rangi ya ngozi zao. Zinalindwa na sheria, na sheria hiyo imesimama kwa sababu watu walikuwa tayari wanatembea humo na wasingekubali kuondolewa.

Hili ndilo linalonikosesha usingizi. Sisi tuna sheria pia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye ukingo wa bahari, ziwa na mto. Tembea ufukweni kilomita chache popote penye hoteli uone hali yake. Nimewahi kurudishwa na mlinzi wa hoteli moja nikiwa nimesimama kwenye mchanga ulioachwa na maji saa ileile, mchanga ambao jioni ungekuwa bahari. Aliniambia hapo ni kwa wageni. Alikuwa kijana wa kwetu, na aliamini alichokisema. Hakuna aliyemlipa ziada aseme hivyo; alikuwa anarudia tu lile ambalo sote tumelisema barazani. Ukuta wa hoteli hujengwa kwa saruji, na idhini yake tumeitoa sisi kwa kutokuwepo. Njia ya umma ya kwenda ufukweni inapofungwa, diwani huuliza nani analalamika. Wavuvi wawili watatu. Mji mzima hauna habari, kwa sababu mji haujawahi kupita hapo.

Kutokuwepo kwetu kunatunyima pia kujua. Nje ya Pangani kuna fungu la Maziwe. Hadi miaka ya 1970 kilikuwa kisiwa chenye miti, kasa walipanda kutaga, na mwaka 1975 kilitangazwa kuwa hifadhi. Leo ni mchanga unaofunikwa kila maji yanapojaa. Waulize watu wa Tanga mjini ni lini kisiwa hicho kilizama. Wengi hawajui kilikuwepo. Wanaojua ni wavuvi, kwa kuwa ndio waliokuwa wakienda. Kisiwa kizima kimeondoka mbele ya macho ya mkoa, na mkoa haukuwa unatazama.

Au tazama maji ya kunywa. Mto Zigi unazaliwa katika misitu ya Usambara Mashariki, huko Amani, ambako mvua ya mwaka hukaribia milimita 2,000, unashuka hadi bwawa la Mabayani na kuingia katika mabomba ya Tanga. Mto Ruvu unazaliwa Uluguru na kuinywesha Dar es Salaam. Oktoba 2022 ulipopungua, jiji zima likaingia kwenye mgao, watu wakapanga ndoo. Katika foleni hizo nilisikia wakilaumiwa mawaziri, mameneja na mafundi. Sikusikia mtu akiutaja mlima. Mtu hawezi kuutaja mlima ambao hajawahi kuusogelea, ingawa Uluguru iko juu ya Morogoro na mabasi mengi ya bara yanapita chini yake. Wataalamu wa misitu wanaweza kutuandalia ripoti mpaka makabati yajae. Mtu aliyepanda kutoka Morogoro mjini akafika mahali ambapo joto linakatika ghafla, ukungu unaanza na udongo unalowa bila mvua, huyo hahitaji ripoti. Ameona bomba lake linaanzia wapi.

Kuna ua dogo la zambarau linalouzwa katika vyungu madirishani kote Ulaya na Marekani. Lilichukuliwa Usambara mwaka 1892 na Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, likapewa jina lake, na biashara yake huko ni kubwa. Kwetu bado linaota lenyewe kwenye majabali yenye kivuli, kando ya vijito. Nimekutana na walimu wa biolojia waliozaliwa Muheza ambao hawajawahi kuliona likiwa mwituni. Siwalaumu wao. Namlaumu yule aliyewaambia, tangu wakiwa shule ya msingi, kwamba msitu ni mahali pa kuni, nyoka na watafiti wenye miwani.

Nimeambiwa pia kwamba ni hatari, na wanaoniambia hivyo wananiambia kwa upendo. Bahari inaua. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama usiku ikitoka Unguja kwenda Pemba, ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na misiba ikaingia karibu kila mtaa wa visiwani. Milima inaua. Novemba 2009 udongo uliporomoka katika milima ya Same ukafunika zaidi ya watu 20 usiku wakiwa wamelala; Desemba 2023 matope ya Hanang yaliifunika Katesh. Ni vuli hiihii ninayoisifu. Siyasahau. Lakini tazama waliokufa walikuwa wapi: majumbani mwao, na ndani ya meli iliyopakiwa na wenye tamaa. Hakuna kati yao aliyeponzwa na matembezi. Hatari ya bahari na mlima iko juu yetu tukiifuata au tukikaa, kwa sababu tunaishi hapa. Lililo mikononi mwetu ni kama tutakuwa watu wanaoijua au wasioijua. Watoto wengi wa mjini wanaolala wakisikia mawimbi hawajui kuogelea, na mama zao wanaona huo ndio usalama. Anayekwenda mlimani mara kwa mara ndiye anayeona ufa mpya katika mteremko, kijito kilichobadilika rangi, miti iliyoanza kuinama, na kurudi kijijini kusema.

Kwa wasichana katazo ni zito zaidi, na linavikwa vazi la heshima. Binti wa watu hapandi mlima, binti wa watu haingii majini. Mwanamke wa Makunduchi aliyesimama na mkuki kwenye mwamba maji yakiwa yamekupwa, akitafuta pweza, heshima yake imepungua wapi? Maelfu ya wanawake wa Unguja na Pemba wameshinda ndani ya maji wakilima mwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na kwa mwani huo wamejenga nyumba. Nungwi wasichana wamefundishwa kuogelea wakiwa wamevaa mavazi yanayowastiri tangu kichwani hadi miguuni, wakifundishwa na wanawake wenzao, na kijiji kinaona. Dini haikuwahi kuwa kizuizi pale ambapo watu walitaka kweli kupata njia.

Inabaki fedha. Hili litachukua maneno machache, maana ukweli wake ni mdogo kuliko kelele zake. Kilimanjaro kufika kileleni ni ghali, hata kwa raia. Ni mlima mmoja. Anayeupima mwaka mzima wa maisha ya nje kwa bei ya Uhuru Peak ameamua tangu mwanzo kutokwenda. Kiingilio cha mwananchi katika hifadhi zetu hulipwa kwa shilingi, na ni sehemu ndogo sana ya dola anazotozwa mgeni. Vilima vya Muheza, Lushoto, Morogoro, Taita na Shimba havihitaji mitungi ya hewa wala mahema ya kutoka nje. Vinahitaji viatu vyenye meno, maji, chakula, mtu wa kijiji anayejua njia, na adabu ya kumlipa mtu huyo. Fedha tunazochanga kwa ajili ya harusi moja zingewapeleka wanafunzi wa shule nzima Amani na kuwarudisha.

Ninachotaka kinaweza kuanza Jumamosi ijayo. Nataka halmashauri za Tanga, Pangani na Muheza zichore njia zote za zamani za miguu na vichochoro vyote vya kushukia ufukweni kabla havijajengewa, na ramani hiyo ibandikwe kwenye ofisi za kata ambapo kila mtu ataisoma. Nataka wakuu wa shule wa mkoa huu watumie mwezi huu, kabla mvua hazijawa nzito, kuwapandisha wanafunzi wakaone Zigi inakoanzia. Na wewe unayesoma haya ukiwa na ndugu, marafiki au majirani wenye miguu mizima, nakutaka uende. Mlimani, anza mapema ili saa saba mchana muwe mmegeuza, kwa kuwa mvua za vuli hupenda alasiri na udongo mwekundu wa Usambara ukilowa hauna huruma. Ukisikia radi shuka, usibishane nayo. Msipite mteremko uliochimbika. Mwageni mtu wa kijijini mnapokwenda na mrudi kwake mnaposhuka, ajue mmetoka.

Baharini, mwombeni mvuvi mzoefu awatangulie, kila mmoja avae jaketi la kujiokolea hata kama anaogelea, na mjue kwamba umande wa asubuhi unasukuma chombo kuelekea nje. Wavuvi hutoka nao kwa sababu wanao uhakika wa kurudi na upepo wa mchana, nanyi bado hamna. Kaeni ndani ya hori, kando ya mikoko. Anayejifunza kafi aanze siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, wakati mkondo ni mpole, na bamvua aiache mpaka mikono yake izoee.